Inua Kopo Kidogo

Lile gazeti huwa nalitumia kufutia vioo vya simu, kwa hiyo siwezi kusema silijui. Ni gazeti la udaku la kila Jumanne, lenye wino unaohamia vidoleni na uongo unaohamia kichwani. Mimi ni fundi simu, kibanda changu kimepakana na muuza magazeti, na Jumanne ile nilinunua kama kawaida, nikalikunjua mezani, nikakutana uso kwa uso na dada yangu.

Hawakumbana kwenye kona. Walimpa ukurasa wa mbele mzima. Dada amepiga magoti, mikono yote miwili imeshika kopo la gundi, pua iko juu ya kopo kama mtu anayeonja mchuzi, macho yamelegea. Juu yake herufi nyekundu: SIMO ARUDI SHIMONI. Chini yake, kwa wenye haraka: Vidonge vyamchosha, sasa anusa gundi mchana kweupe.

Mteja aliyekuwa mbele yangu akanyoosha shingo.

"Huyo si yule mtoto wa 'mimi simo'?" akauliza. "Masikini. Wameharibika wote hawa."

"Simu yako imekufa," nikamwambia.

Haikuwa imekufa. Nilitaka na yeye aonje habari ya uongo ina ladha gani.

Kwa waliozaliwa jana, nieleze. Dada yangu alianza kuonekana kwenye runinga akiwa na miaka sita. Kila wiki, katika tamthilia ile, alikuwa anavunja kitu: sahani, dirisha, uchumba wa shangazi yake. Kisha anaitazama kamera, anafungua viganja, anatoa macho, anasema, "Mimi simo." Nchi nzima inacheka, inakwenda kulala. Jina lake la kweli likabaki kwenye cheti cha kuzaliwa tu. Hata mama yetu mzazi alimwita Simo mezani, tena kwa sauti ya kuringia majirani.

Siku nyingine kazi ilianza kabla ya jua na kuisha baada ya jua, kwa hiyo palikuwa na kidonge cha kumwamsha na kidonge cha kumlaza. Alipoanza kuota matiti wakamwambia asante kwa kila kitu, wakatafuta mtoto mwingine. Watu wakaondoka, vidonge vikabaki. Vikamla ujana wake wote na kipande kizuri cha utu uzima, na gazeti hili likawa linasimama pembeni na sahani yake. Akianguka mlangoni mwa baa, picha. Akiolewa, picha. Mume akimkimbia, picha mbili. Alipoingia kituo cha tiba walipiga picha ya geti. Alipotoka kwa miguu yake mwenyewe, uso umejaa, macho meupe, hawakuandika hata nukta. Mtu aliyepona hana wanunuzi.

Sasa kilichonifanya nifunge kibanda na kukimbia ni hiki. Dada ana binti wa miaka sita. Tangu siku mbaya zile mtoto analelewa na bibi yake, yaani mama mkwe wa dada. Makubaliano yalikuwa mepesi kuyasema: Dada akikaa bila kugusa kidonge mpaka shule zifungwe, mtoto anarudi kwa mama yake. Shule zilikuwa zinafungwa Ijumaa ya wiki ile. Na mama mkwe ni mkunga mstaafu ambaye husoma gazeti lote, hadi matangazo ya dawa za mende.

Nilimkuta Dada karakana, amekaa ndani ya kochi ambalo lilikuwa bado mifupa, springi zimemzunguka kama ameangukia mtego. Karakana ile hutengeneza makochi. Kazi yake ni kubandika sponji kwenye mbao, na gundi ya kazi hiyo ni kali mno. Mimi nikikaa nayo kidogo napata kichwa, ndiyo maana kazi yenyewe hufanyika uani, penye upepo. Gazeti alikuwa nalo mapajani.

"Umeliona?" akauliza.

"Wasiojua kusoma ndio hawajaliona, na wao wametazama picha. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nabandika sponji."

"Na pua ilikuwa inabandika nini?"

Hakucheka. Kwa kawaida hunicheka hata nisipochekesha, ndugu hana budi. Fundi mwenye karakana, ambaye alikuwa anakata kitambaa, akasema bila kuinua kichwa, "Muache aseme."

Dada akasema. Wiki iliyopita alikuja mwanamume mpole kuagiza makochi. Akasema anataka apige picha chache za kazi inavyoendelea, akamwonyeshe mkewe. Akatoa kamera. Akamwambia endelea tu, usinijali.

"Kisha akasema, hebu inua kopo kidogo. Nikainua. Akasema, sogeza usoni, mwanga uko huko. Nikasogeza. Akasema, fumba macho nusu."

"Ukafumba."

"Nikafumba."

"Dada yangu. Mtu humjui kwao wala kwake, anakwambia uweke gundi puani, na wewe unaweka."

"Hakusema gundi puani," akasema. "Alisema mwanga."

Nikapiga teke robota la sponji. Nawashauri, mkiwa na hasira msipige sponji. Inakubali kila kitu, halafu inarudi ilivyokuwa, na wewe unabaki na mguu wako hewani kama mjinga.

Fundi akaweka mkasi chini. Huyu fundi watu humwita Babu, na hana hata mvi. Katika tamthilia ile alikuwa kaka wa Simo, mtoto anayeongea kama mzee, amevaa miwani isiyo na vioo. Yeye maradhi yake yalikuwa chupa, na aliachana nayo kabla ya Dada kuachana na vidonge. Ndiye aliyempa kazi wakati watu wengine walikuwa wanampa pole.

"Usimgombeze," akaniambia. "Hujui kitu hicho. Ukiwa na miaka sita, mtu mzima amekaa nyuma ya taa. Humwoni. Unasikia sauti tu. Sauti ikisema nenda kulia, unakwenda kulia. Ukiuliza kwa nini, ukumbi mzima unasimama unakutazama, halafu mtu mmoja anasema mtoto amechoka, leteni kidonge. Ukitii, unaambiwa una akili. Basi unakuwa na akili mpaka unazeeka."

"Lakini sasa ni watu wazima, Babu."

"Mimi nilikuwa mtu mzima siku tunamzika baba yangu." Akachukua chaki, akaichezea. "Nimechota udongo, nimetupia. Nyuma yangu sauti ya mtu wa kamera ikasema, haikutoka, rudia. Nikachota tena. Ikasema, polepole zaidi, na uso juu. Nikachota mara ya tatu, polepole, uso juu. Wajomba zangu walidhani nina uchungu kuliko wote. Mama yangu peke yake ndiye aliyeelewa. Mpaka leo tukizungumza haniangalii usoni."

Nilitaka kucheka. Cheko lilikuja mpaka kooni, nikaliona lina meno, nikalimeza.

Simu ya Dada ikalia. Mikono yake ilikuwa na gundi, ikabidi nimbonyezee mimi, na sauti ikatoka kwa wote.

"Shikamoo mama," Dada akasema.

"Marahaba. Nimeliona gazeti."

"Mama, si kweli. Nilikuwa kazini, yule mtu..."

"Sijasema ni kweli. Nimesema nimeliona. Majirani wameliona, na mwalimu wake ameliona. Mtoto atalisikia kwa wenzake kabla sijafikiria cha kumwambia. Ijumaa uje tuzungumze. Begi la kubebea nguo zake usilete."

Akakata. Lile begi Dada alikuwa ameshalinunua, lenye twiga. Lilikuwa limening'inia pale pale kwenye msumari wa karakana, na sote watatu tukafanya kama hatulioni.

Jumatano nikampeleka kwenye ofisi za gazeti. Yeye hakutaka, nilimkokota. Ngazi ndefu, harufu ya karatasi na jasho, na ukutani kurasa za mbele zimetiwa kwenye fremu kama picha za ndoa. Dada alikuwa kwenye mmojawapo, ile picha ya mlangoni mwa baa, viatu mkononi. Akaipita bila kugeuka. Mimi nilisimama, nikaigeuzia uso ukutani. Msichana wa mapokezi aliniona, akajifanya anatafuta kalamu. Mungu ambariki.

Mhariri alikuwa mtu mpole. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote: nilijiandaa kwa nduli, nikaletewa mjomba. Akatuvutia viti, akamwambia Dada amependeza, akauliza hali ya mtoto.

"Ninyi mmeandika nanusa gundi," Dada akasema.

"Tumeandika, ndiyo. Lakini tazama kwa utulivu. Picha ina pua. Picha ina kopo. Anayeunganisha ni msomaji."

"Na zile herufi nyekundu alizileta msomaji?" nikauliza.

Akanitazama. "Kijana, wewe ni nani?"

"Mimi ni msomaji."

Akacheka sana, akapiga meza, akasema nina kipaji. Ukimtukana mtu akakusifu, unabaki huna pa kushika. Kisha akamgeukia Dada, na akawa ameacha kucheka.

"Tutasahihisha. Mimi si mtu mbaya. Lakini habari ya kusahihisha bila picha ni chai bila sukari, watu wanatema. Nataka wewe na mtoto. Nasikia mmefanana, na umri ndio ule ule. Anasimama mbele yako, anafungua mikono, anasema yale maneno. SIMO NI MAMA BORA. Ukurasa wa mbele. Bibi yake ataona, majirani wataona, mwalimu ataona. Mambo yatakwisha siku hiyo hiyo."

Yale ya bibi, majirani na mwalimu Dada ndiye aliyemweleza alipoulizwa hali ya mtoto, akidhani anamlainisha. Mhariri alikuwa anamrudishia maneno yake yakiwa yamepigwa pasi.

"Na bila mtoto?"

"Bila mtoto nitakupa mistari miwili, kule chini ya mkeka wa kubashiri mechi."

"Nitafikiri," Dada akasema.

"Fikiri. Ila Jumanne haingoji mtu."

Kwenye ngazi nikamvaa. Nilimwambia akubali. Picha moja tu, nikasema, picha moja na wamefunga midomo, na gazeti likitoka unarudi na mtoto wako.

"Mimi nilianza na picha moja," akasema.

"Wewe ulikuwa peke yako. Yeye ana mama anayejua."

"Mama yetu naye alikuwepo pale, mdogo wangu. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, ameshika sweta langu."

Tulipofika chini akasimama kwenye kivuli cha mlango, hatoki. Mikono ameificha kwapani.

"Ng'ambo pale pana duka la dawa," akasema. "Nimeliona tangu tunaingia. Kule juu nilikuwa namsikiliza yule bwana kwa sikio moja. Jingine lilikuwa dukani. Twende njia ya nyuma."

Tukapita njia ya nyuma, katikati ya madebe ya taka na paka, mimi mbele, yeye amenishika shati kama kipofu. Sina hakika kama nimewahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mhariri yule kwenye uchochoro ule. Na alikuwa ametuaga kwa heshima kabisa.

Ijumaa tukaenda kwa mama mkwe, bila begi. Nyumba ndogo, uwanja wa saruji uliosuguliwa mpaka unateleza, geti la chuma. Geti lilikuwa wazi, na hilo halikuwa jambo la kawaida. Mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba anaanua nguo. Mbele, kwenye kizingiti, alisimama mtoto, bado na sare ya shule. Na mbele ya mtoto, amechuchumaa, kamera usoni, alikuwepo mwagiza makochi.

Mhariri hakuwa na subira ya kungoja watu wafikiri.

"Kidevu juu, mrembo," yule mtu alikuwa anasema, kwa sauti ya asali. "Hivyo hivyo. Sasa fungua mikono, utoe macho, useme: mimi simo."

Mtoto hajawahi kuiona tamthilia ile. Bibi yake hakuruhusu. Lakini akainua kidevu, akafungua viganja, na macho yake yakaitafuta kamera yenyewe, yakaipata.

"Mimi simo," akasema.

"Safi sana. Una akili wewe. Rudia, sasa cheka."

Na mtoto akacheka. Hapakuwa na kitu cha kuchekesha hata kimoja katika uwanja ule, lakini alicheka, meno yote nje.

Dada akanipita. Mimi namjua dada yangu kwa hasira zake za runinga: nyusi chini, mikono kiunoni, halafu mambo yanaisha kwa kicheko. Hii ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa mbaya kutazama. Mate yalimtoka, shingo ilimvimba, sauti ikakatika katikati kama ya mvulana anayebalehe. Alimbeba mtoto mzima mzima, akamfunika kichwa kwa sweta lake, akamkandamiza kifuani.

Yule mtu akafanya kilichomleta mjini. Akageuza kamera.

"Hapo hapo, Simo," akasema taratibu. "Geuka kidogo upande wa mwanga."

Na mimi nililiona bega la dada yangu likianza kugeuka. Nakuapia. Mwenyewe anawaka moto, mtoto kifuani, na bega linakwenda taratibu kwenye mwanga, kama mfanyakazi mzuri. Likafika nusu. Likasimama. Kisha akageuka mwili wote, akaliweka jua mgongoni, akamkabili.

"Piga," akasema. "Piga na meno yaingie. Jumanne andika nimekunywa, andika nimekunywa petroli. Mimi mlinichukua nikiwa kama huyu, nimalizeni. Lakini huyu humjui jina, na hutalijua. Ukimwambia simama, mimi nitamwambia aketi. Ukimwambia cheka, nitamfundisha kununa mpaka uso wake uote ukungu. Piga, mbona umeacha? Wewe si ulitaka kochi? Njoo nikukalishe."

Yule mtu alikuwa hajaacha. Alikuwa anapiga huku anarudi nyuma, na Dada anamfuata, mpaka kamera ikawa karibu kumgusa sweta. Hapo akaisukuma kwa kiganja. Ikampata mwenyewe juu ya jicho.

"Umenijeruhi," akasema, na nilisikia raha katika sauti yake.

Mimi nilimshika kola nikamwelekeza geti, kwa maneno ambayo mwalimu wangu wa fasihi asingeyapa alama. Ndipo tukamwona mama mkwe. Alikuwa kwenye kona ya nyumba, nguo zimejaa mikononi, na alivyosimama ilionekana hakufika sasa hivi.

"Wewe ulibisha hodi kwa nani?" akamuuliza mpiga picha.

"Mtoto alinifungulia, mama."

"Mtoto wa miaka sita amekukaribisha nyumbani kwangu. Basi nenda ukatafute wa rika lako mcheze. Toka."

Akatoka. Mama mkwe akafunga geti kwa kufuli, akarudi, akanikabidhi nguo zote mimi kama mti wa kutundikia. Kisha akasimama mbele ya Dada, karibu sana, akamtazama mboni za macho, akamnusa waziwazi, bila aibu, kama wakunga wanavyofanya kazi yao.

"Nimezalisha wake za walevi, na walevi wenyewe nimewazalisha," akasema. "Hasira ya mlevi inatapakaa. Inampata paka, inaipata sufuria, inampata aliyeleta maji. Yako ilikwenda kwa mtu mmoja, ikafika."

"Mama..."

"Usinishike bado. Mimi pia nimekasirika, na nimekukasirikia wewe. Nani aliwaambia kwamba mtoto yuko kwangu?"

Dada akainamisha kichwa. "Nilitamka mimi. Nilidhani nikieleza wataona huruma."

"Huruma." Mama mkwe alilisema neno lile kama kitu alichokikanyaga. Akamfunua mtoto sweta, akamtengeneza nywele, akamfunika tena. "Begi lake liko wapi?"

"Uliniambia nisilete."

"Na wewe ukaambiwa, ukafanya," akasema mama mkwe. "Hicho ndicho ninachokiogopa kwako. Gundi sikuiogopa."

Akaingia ndani kwa kishindo. Tukasikia kabati linafunguliwa, droo zinavutwa kama zimemkosea. Akatoka na nguo za mtoto ndani ya gunia la unga, viatu juu, akalitua miguuni pa Dada.

"Jumapili nitakuja kuangalia," akasema. "Sitabisha hodi."

Jumanne gazeti likatoka. SIMO ACHARUKA, AMVUNJIA MPIGA PICHA KAMERA. Kamera haikuvunjika. Picha ilikuwa yote meno na mishipa ya shingo, nyeusi upande mmoja kwa sababu ya jua, na pua ya mtoto haikuonekana wala unywele wake. Zile za mtoto kizingitini hawakuzitoa, hasira ina wanunuzi kuliko mama bora. Kuhusu gundi hawakusahihisha kitu, hata chini ya mkeka wa mechi. Wateja wawili walimnyang'anya Babu oda zao, eti karakana yake ina vichaa. Yule mteja wangu wa simu iliyokufa alikuja kuichukua, akalitazama gazeti, akatikisa kichwa: "Huyu dada bado tu?" Nikamrudishia simu yake nzima na sikumwambia chochote, maana bisibisi ilikuwa mkononi.

Nilifika nyumbani, ninapoishi na Dada, jioni bado nachemka. Mtoto alikuwa uwanjani anachimba shimo kwa kijiko, matope mpaka kwenye masikio. Dada alikuwa kwenye ngazi na taulo.

"Njoo uoge," akamwambia.

"Sitaki."

"Nimesema njoo."

"Sitaki. Nachimba."

Dada akakaa chini. Akaweka uso ndani ya taulo, mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikalitupa gazeti nikamkimbilia, nikidhani siku ya kushindwa ndiyo imefika. Alikuwa anacheka.

"Umemsikia?" akaniuliza. "Amekataa."

"Nimemsikia. Na ananuka."

"Mwache anuke."

Akamwacha kweli. Mtoto alichimba mpaka akachoka mwenyewe, akalala na matope yake yote kwenye shuka jipya, na hilo shuka nililifua mimi, na hakuna aliyeniuliza kama nataka.